Kipimashangwe

Mzee Nyundo alinyanyuliwa kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu na vazi alilovaa. Watu elfu arobaini waliofurika Uwanja wa Mindu, mjini Morogoro, walishika pumzi. Vazi lile jeusi, lililomfunika kuanzia shingoni mpaka viganjani na nyayoni, lilikaza magoti yake, likamsimamisha wima, likamtembeza taratibu mpaka kwenye ngoma zake. Na huyu ni mzee aliyepooza upande mmoja, asiyeweza kujifunga hata kifungo cha shati! Vazi likainua mikono yake yote miwili, fimbo zikashuka, ngoma zikalia vilevile zilivyolia enzi zile alipokuwa akiwafanya mabinti wa watu waruke kuta za mabweni. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele.

Asumini Kibwana alilia bila kuona haya. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mhandisi katika hospitali ya rufaa, mtu wa kuheshimika mwenye wajukuu wawili, lakini jioni ile alipiga miluzi kama mhuni wa stendi.

"Skola, ni yeye! Ni yeye mwenyewe!"

"Namwona, shoga, nina macho," alijibu Skolastika, ambaye macho yake hayo yalikuwa yamelowa chapachapa.

Walikuwa marafiki watatu, wao wawili pamoja na Mihayo, na waliipenda bendi ya Tetemeko tangu wakiwa sekondari. Hapakuwa na bendi nyingine ya roki nchini iliyoweza kuchanganya magitaa yanayofoka na mapigo ya ngoma za Uluguru. Lakini kuiona kwa macho, ng'o! Mara ya kwanza mkuu wa shule aliwafungia bwenini. Mara ya pili Skola alishikwa na uchungu wa mtoto wake wa kwanza wakiwa foleni getini. Kisha wanamuziki wakazeeka, bendi ikanyamaza, na marafiki nao wakaota mvi wakisikiliza nyimbo za kwenye vinasa sauti. Ndiyo maana waandaaji walipotangaza kwamba Tetemeko itarudi jukwaani, Mihayo alipiga simu usiku wa manane akapiga kelele tu, hakusema neno.

Kilichowarudisha ni magamba. Gamba ni vazi lenye misuli ya umeme, nyembamba kama nyuzi za katani, inayokunja na kukunjua viungo vya mtu badala ya misuli yake. Asumini alilijua vizuri kuliko alivyoijua simu yake, maana hospitalini kazi yake ilikuwa kuwavika magamba watu waliopooza na kuwafundisha kutembea upya. Jukwaani pale wazee wote wanne waliyavaa. Bi Chausiku, mwimbaji, aliruka na kuzunguka kama ana miaka ishirini. Wapiga magitaa wawili walirudi kinyumenyume wakiinama mpaka nywele zikagusa sakafu.

Kando ya jukwaa ulisimama mnara mrefu wa taa, nao ndio waandaaji waliouita kipimashangwe. Chini ya kila kiti palitegwa sikio dogo la mashine, lililohesabu kelele za watu, si muziki. Kelele zikipanda, mnara uliwaka kutoka chini kwenda juu. Katikati yake ulipita mstari mweupe. Taa zikiwa juu ya mstari, magamba yanaendelea kupiga. Zikishuka chini yake, magamba yanawaketisha wazee mpaka zipande tena. Hata tangazo lilisema hivyo: onyesho halikomi mpaka mchoke nyinyi.

"Nani achoke?" alisema Mihayo. "Mimi nimekuja na maandazi."

"Mtani wangu huyu, hata peponi ataingia anatafuna," alisema Skola.

Wakacheka, wakapiga makofi, wakapiga kelele mpaka koo zikakwaruza.

Wimbo wa kwanza ulimwagikia kwenye wa pili bila pumziko, wa pili ukamwagikia kwenye wa tatu. Juu ya jukwaa pazia la nuru lilikuza picha za wanamuziki, wakaonekana wakubwa kama ghorofa. Picha ikahamia kwenye mikono ya Mzee Nyundo. Asumini akatabasamu, kisha tabasamu likamfia mdomoni.

Kidole gumba cha kulia cha mzee kilikuwa kinagusa kidole cha shahada. Mara tatu. Kikapumzika. Mara tatu tena.

Gamba halikibani kidole gumba cha kulia. Liliundwa hivyo makusudi, ili mgonjwa abaki na kiungo kimoja cha kwake mwenyewe. Kila mgonjwa, kabla hajapiga hata hatua moja, hufundishwa ishara hiyo, nayo ina maana moja tu: basi, nimechoka, niketishe. Gamba likiiona, hupiga magoti papo hapo.

Hili halikupiga magoti. Fimbo ziliendelea kushuka, na kati ya pigo na pigo kidole kilikuwa kikiomba.

"Oneni mbwembwe za mzee!" alipayuka kijana aliyekaa mbele yao, akainua mkono na kuiga. Gumba kwa shahada, mara tatu. Jirani yake akaiga. Safu nzima ikaiga. Kufumba na kufumbua uwanja mzima ulikuwa umeinua mikono, maelfu kwa maelfu, kila mmoja akifanya ishara ya mtu anayeomba aachwe, huku akicheka.

Asumini hakuinua mkono. Alitazama kifua cha mzee. Kila gamba lina taa ya moyo. Ikiwa ya kijani, mgonjwa yuko salama. Ya njano, apumzike. Ikiwa nyekundu, gamba lenyewe humketisha hata akikataa. Mzee Nyundo alikuwa amevalishwa koti la vishanga juu ya gamba, na chini ya vishanga hivyo kitambaa kilikuwa kinang'aa chekundu.

"Wanamuua," alisema.

"Nani?" aliuliza Skola.

"Nyundo! Ile si mbwembwe, anaomba kuketi. Wamekitoa kizuizi cha moyo. Gamba halimsikilizi yeye, linatusikiliza sisi!"

Mihayo alijaribu kucheka. "Mhandisi nawe, leo si siku ya kazi."

"Mihayo, ishara ile nimewafundisha watu mpaka naiota. Nitazame. Nakutania?"

Mihayo akamtazama. Andazi lililokuwa mkononi akalirudisha kwenye mfuko.

Asumini alishuka ngazi mbio, akimkanyaga huyu na kumsukuma yule, mpaka kwenye uzio. Hapo walisimama walinzi wa mashine, mabati matupu yenye sauti tamu. Hapakuwa na binadamu hata mmoja. Waandaaji waliliendesha onyesho wakiwa mbali huko.

"Kuna mtu anakufa jukwaani," alisema Asumini. "Nipitishe. Mimi ni mhandisi wa magamba."

"Tunafurahi kwamba unafurahia," lilijibu bati. "Maoni yako yatapokelewa baada ya onyesho."

"Baada ya onyesho atakuwa maiti!"

"Tunafurahi kwamba unafurahia."

Nyuma ya bati lile mnara ulikuwa umewaka mpaka juu kabisa. Kutoka pale chini aliwaona wazee kwa karibu, na alitamani asingewaona. Machozi yalikuwa yakimtiririka Bi Chausiku, ambaye alikuwa ameupa mgongo upande wa ngoma wala hakuweza kugeuka, kwa kuwa gamba halikumgeuza. Kichwa cha Nyundo kilikuwa kimeanza kulala begani huku mikono ikipiga bila kukosea hata pigo moja. Hilo la kutokosea ndilo lililomtisha Asumini kuliko yote. Alirudi juu mbio.

"Dawa ni moja," aliwaambia wenzake. "Uwanja unyamaze."

"Watu elfu arobaini?" Mihayo alishika kiuno. "Utawanyamazisha kwa lipi? Ukiwapigia kelele wanyamaze, mnara unazihesabu hizohizo."

Ni kweli. Masikio ya mashine hayajui tofauti ya shangwe na kilio. Wakakaa kimya wao watatu, midomo wameibana, na safu yao yote ikawatazama kama wagonjwa. Taa hazikushuka hata moja.

Ndipo Skola akasema polepole, "Kuna msiba."

"Wapi?"

"Popote. Watu wetu wananyamazia kitu gani? Baa ya mtaani kwetu inapiga muziki mpaka mabati ya nyumba yanacheza, polisi wameshindwa, mjumbe ameshindwa. Lakini jirani akifiwa, wanazima wenyewe. Hakuna anayewaambia. Kuna msiba, basi."

"Watauliza wa nani," alisema Mihayo.

"Wa Nyundo," alisema Asumini.

Skola akajishika mdomo. "Mama yangu! Utamchuria!"

"Nisipomchuria atakufa kweli. Semeni hivi: mzee amefariki, mnayemwona ni gamba tu linalopiga. Lakini kwa kunong'ona, sikio kwa sikio. Asipayuke mtu."

Mihayo aliinama kwanza kwa yule kijana wa mbele. Kijana akageuka kwa hasira, akatazama pazia la nuru, akakiona kile kichwa kilicholala begani juu ya mikono inayopiga. Mkono wake ulioinuliwa ukashuka wenyewe. "Inna lillahi," akanong'ona, kisha akamgusa jirani. Skola akaenda kulia, Asumini akaenda kushoto. Habari ikatembea. Watu wa mpira, watu wa pombe, vijana wenye nywele za rangi tatu, wote walipoipata walifanya kile walichofanya bibi zao. Kofia zikavuliwa. Akina mama wakajitanda khanga. Mmoja mmoja walikaa chini, mikono mapajani.

Asumini hakuacha kuutazama mnara. Taa za juu zilizimika. Zikashuka kidogo, zikasita, maana upande wa pili bado waliruka. Kidole cha mzee kilikuwa kinaomba kwa unyonge sasa, mara mbili badala ya tatu, kisha mara moja. Wahi, jamani, wahini, alisema moyoni. Mnong'ono ukavuka uwanja, nao ukaonekana kwa macho, safu zikiketi moja baada ya nyingine mpaka juu kabisa. Magitaa na ngoma vililia peke yake katikati ya kimya.

Taa zikavuka mstari mweupe. Muziki ukakatika.

Magamba yote manne yakapiga magoti, yakawaketisha wazee sakafuni kama watoto. Hakuna aliyekohoa. Asumini aling'ang'ania mkono wa Skola huku akikitazama kile kitambaa cha vishanga. Chekundu. Chekundu. Kisha, taratibu, rangi ikageuka njano.

"Yu hai," alinong'ona. "Skola, yu hai!"

Jukwaani Bi Chausiku sasa aliweza kugeuza shingo yake mwenyewe. Alimtazama mwenzake waliyejuana kwa miaka hamsini. Mzee Nyundo akafumbua macho, akameza mate, akajaribu kutabasamu kwa upande ule wa uso uliobaki mzima. Chausiku aliutazama uwanja ule uliojaa watu waliojitanda khanga, akaelewa wanamlilia nani. Alikuwa mwimbaji maisha yake yote; asingeweza kuwaacha watu wake katika simanzi ya bure. Akajiburuza mpaka kwenye kipaza sauti.

"Msilie, wanangu," alisema kwa sauti ya bibi kizee, si ile ya kwenye nyimbo. "Yu hai. Nyundo yu hai. Ila nawaomba m..."

Hakumaliza. Pazia la nuru lilikuwa limeuonyesha uso wa mzee ukitabasamu, na furaha ya watu wale haikusubiri ombi. Mtu aliyeomboleza kisha akarudishiwa marehemu wake hana breki. Uwanja ulilipuka kwa kelele ambazo jioni ile yote hazikuwa zimesikika. Akina mama walirusha khanga hewani. Yule kijana wa mbele alilia na kupiga mayowe, akikumbatia kila aliye karibu. Hata Mihayo, Mihayo aliyejua kila kitu, alikuwa ameruka juu ya kiti, machozi yanamtoka, akipiga kelele, "Nyundo! Nyundo! Baba yetu!"

Mnara ukawaka kutoka chini mpaka juu mara moja. Gamba likakaza magoti ya mzee, likamsimamisha wima. Uso wake mkubwa kule juu haukuwa tena na tabasamu. Fimbo zikainuka.

"Nyamazeni!" Asumini alipiga ukelele. "Nyamazeni, mnamuua! Nyamazeni jamani!"

Alipiga ukelele kwa nguvu zake zote, mpaka Skola alipomziba mdomo kwa kiganja na kumwonyesha sikio dogo la mashine lililokuwa likimetameta chini ya kiti chake.

Asumini akanyamaza. Uwanja mzima, walionyamaza walikuwa wao wawili tu.