Breki za Nassibu

Kila Jumapili alfajiri baiskeli za klabu yetu zilipangwa mbele ya kibanda cha Fundi Albano, pale Keko, jirani na maseremala. Alijaza upepo, alikaza nati na kutia mafuta minyororo, huku akitugombeza kwa kuendesha ovyo. Mimi, Somoe, nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na hakuna mtoto aliyeniweza mlimani.

Jumapili moja ya Juni 1992, masika yakiwa yamekwisha, tulikuwa tunakwenda Kisarawe kupitia vilima vya Pugu. Nilitaka kufika kileleni wa kwanza, nione nani atathubutu kusema tena kuwa baiskeli ni ya wavulana.

"Somoe, leo utakaa nyuma na Nassibu," alisema Mwalimu Elinaza, kiongozi wetu.

"Mie, Mwalimu? Nassibu anaendesha kama anasindikiza bibi harusi!"

"Ndiyo maana nakuweka wewe. Mwenye nguvu ndiye hukaa nyuma."

Nilikasirika hadi machozi yakanilengalenga. Nassibu alikuwa na miaka kumi na mmoja na miguu miembamba. Tulipopita Gongo la Mboto, wenzetu hawakuonekana tena. Kila kilima alishuka na kukokota.

"Samahani, dada Somoe."

"Usiniite dada! Kanyaga!"

Tulipofika kileleni, wenzetu walikuwa wameanza kuteremka upande wa pili. Hapo klabu ilikuwa na sheria moja. Hakuna aliyejipimia breki mwenyewe, kwa sababu kila mtu huisifia baiskeli yake. Mwenzako alibana breki, nawe uliisukuma baiskeli yake kutoka nyuma kwa nguvu zote. Isipotembea, ulipaza sauti, "Imeshika!" Ikitembea, mwenye baiskeli aliteremka kwa miguu.

"Nyie wa mwisho, mmepima?" Mwalimu Elinaza aliuliza kwa sauti kutoka chini.

Nassibu alikuwa amebana breki, ananisubiri. Sikuigusa baiskeli yake. Nilikuwa nimechoka naye.

"Imeshika!" nilijibu.

Nassibu alinitazama, kisha akaondoka. Kwenye kona ya pili nilimsikia akipiga kelele. Nilipofika, alikuwa mtaroni, mkono umevunjika. Baiskeli yake ilikuwa na breki ya nyuma tu; nati yake ilikuwa imelegea kwa mashimo ya njiani, na raba moja ya breki imedondoka.

Lawama zote zilimwangukia Fundi Albano. Jumatatu baba yake Nassibu alikwenda kibandani akalipiga teke sanduku la vifaa, spana zikatapakaa barabarani.

"Ulitaka kuniulia mwanangu!"

"Mzee, niliikaza ile nati kwa mkono wangu."

"Basi ilijilegeza yenyewe? Mtoto wa watu alipima, ikashika!"

Hadi Jumatano hakuna aliyempelekea Albano hata baiskeli ya kujaza upepo. Nilipotoka shule nilimwona amekaa bila kazi, nikamkasirikia kwa kukaa kinyonge namna ile. Nilimkasirikia Mwalimu kwa kuniweka nyuma, na Nassibu kwa kuanguka. Niliwakasirikia wote ili nisijikasirikie mwenyewe.

Ijumaa nilikwenda kwa akina Nassibu. Alikuwa kibarazani, mkono kwenye plasta.

"Mbona hukusema kwamba sikupima?" nilimuuliza kwa ukali.

"Wangekufukuza. Na wewe ndiye unayeendesha vizuri kuliko sie wote."

"Mjinga we! Klabu inamfukuza Fundi kesho!"

"Sasa unanigombeza mimi?" Nassibu naye alipandwa na hasira. "Nenda kaseme mwenyewe!"

Niliondoka bila kuaga. Usiku ule sikulala vizuri.

Jumamosi klabu ilikutana kumwondoa Albano kwenye kazi ya ufundi wa klabu. Kabla Mwalimu hajamaliza kusema, nilisimama.

"Sikupima breki. Nilisema imeshika, lakini sikuigusa ile baiskeli. Fundi hana kosa."

Baba yake Nassibu alinikazia macho hadi nikatamani ardhi inimeze. Kisha akamgeukia Albano na kumwomba radhi mbele ya watu. Mwalimu Elinaza alinisimamisha safari kwa miezi mitatu. Sikubisha.

Baada ya mkutano nilikokota baiskeli yangu hadi kibandani.

"Shikamoo, Fundi. Nisamehe."

"Marahaba," alisema. "Lete hiyo baiskeli."

Aliipindua, akachukua spana na kuanza kukaza breki zangu. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama.

"Wiki nzima wanangu wamekula ugali na chumvi kwa sababu yako," alisema bila kunitazama. "Nina hasira na wewe, Somoe, hadi mikono inatetemeka. Unaiona?"

"Naiona, Fundi."

"Na hii nati, naikaza au siikazi?"

"Unaikaza."

"Angalia vizuri."

Aliizungusha tena mpaka ikagoma, akaisimamisha baiskeli, akaniamuru nibane breki. Aliisukuma kwa nguvu zake zote. Haikutembea.

"Kukasirika utakasirika, wewe ni mtu," alisema. "Lakini kazi uliyopewa juu ya uhai wa mwenzako unaifanya hivyo hivyo na hasira zako. Sasa nenda nyumbani, bado sijataka kukuona."