Bibi Harusi wa Ute wa Yai

Siku waliyokutana sokoni kila mtu alikuwa na haraka, isipokuwa yule mwanamume aliyeziba njia kwa muuza mayai. Shati lake lilikuwa jeupe, limepigwa pasi vizuri, lakini vidole vilikuwa na madoa meusi mpaka kwenye kucha. Alikuwa akiinua yai moja moja na kulitazama kwenye mwanga.

“Kaka, unanunua au unayalea?” mwanamke aliyekuwa nyuma yake akamwuliza.

Akageuka, akaona gauni la kijani lililomkaa mwenyewe barabara na kikapu kilichokwishachoka kusubiri. “Samahani, dada. Nataka mapya kabisa. Yakikaa sana ute wake haunifai.”

“Na kiini?”

“Kiini sina kazi nacho. Unakitaka?”

Muuza mayai akaangua kicheko. “Usimshangae Bwana Mayai. Anachapia picha!”

Na kweli, ndiyo ilikuwa kazi yake. Alipiga picha kwa vioo vilivyopakwa dawa iliyomtia madoa vidoleni, kwa njia ya kizamani, kisha akazichapa juani kwenye karatasi iliyopakwa ute wa yai. Picha moja ilimchukua siku nzima.

“Kwani simu yako imeharibika?” mwanamke akauliza.

“Nzima kabisa.”

“Basi una wazimu.”

“Kidogo tu. Wewe unafanya kazi gani?”

“Fundi cherehani.”

Kesho yake Bwana Mayai alimfuata kibandani kwake, jirani na mshona viatu. Wanawake wengine huletewa maua. Fundi aliletewa bakuli la viini vya mayai, akacheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni.

Fundi alishona sare za shule, suti, blauzi na mapazia. Gauni la harusi hakushona, hata aombwe vipi. Miaka kadhaa nyuma alijishonea la kwake, na wiki ya harusi bwana harusi akatokomea na mwanamke mwingine. Gauni akalifumua, akalikatakata, likaishia kuwa bitana za makoti ya watu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka. Yeye alishtuka akiona kitambaa cheupe. Lakini habari hizo hakumwambia Bwana Mayai, maana aliona haya, na kwa kuwa mambo yalikuwa matamu hakutaka kuyatia shubiri.

Yalikuwa matamu kweli. Simu zilianza asubuhi kabla chai haijachemka.

“Umeamka, laazizi?”

“Nimeamshwa.”

“Na nani?”

“Na mtu mmoja anayenuka mayai.”

Jumapili moja Bwana Mayai akamwita kwake ampige picha. Fundi alivaa gauni jipya la rangi ya samawati, refu, la kola iliyosimama, marinda kifuani na vifungo vilivyovishwa kitambaa, kazi ya mikono yake.

“Usitikisike. Hata pumzi, vuta kidogo kidogo.”

“Nikifa je?”

“Utatoka vizuri zaidi. Maiti hatikisiki.”

Baadaye Bwana Mayai akapata nafasi ya kuonyesha kazi zake katika ukumbi wa katikati ya mji. Fundi alikuwa amezidiwa na sare za shule, akaahidi kwenda akizimaliza. Alikuwa katikati ya pindo la sketi simu ilipolia.

“Hongera, mwanangu!” Alikuwa shangazi yake.

“Ahsante, shangazi. Ya nini?”

“Usinifanye mtoto! Nimekuona kwa macho yangu haya, uko ukutani, umevaa gauni lako jeupe, umetulia kama maji mtungini. Mmeoana kimyakimya, hata shangazi mtu nisijue?”

“Mimi? Gauni gani jeupe?”

Hajapata jibu, simu ya pili ikaingia. Mama yake alikuwa akilia, haijulikani kwa furaha au kwa hasira, labda hata mwenyewe hakujua. Mshona viatu, aliyekwisha kusikia, naye akaja kumpa mkono. Fundi akaupokea kwa kutojua la kufanya, akafunga kibanda, akaenda ukumbini huku kichwa kikimzunguka.

Akajikuta ukutani, mkubwa kuliko alivyotarajia. Kola ni ile ile. Marinda yale yale, vifungo vile vile. Lakini gauni lilikuwa jeupe pe! Alilishona mwenyewe, alilifua mwenyewe, na sasa alikuwa haamini hata kumbukumbu zake.

“Bibi harusi mzuri,” mtu akasema nyuma yake.

Hapo ndipo hasira ilipompata. Bila shaka Bwana Mayai alikwisha kusimuliwa habari zake, akaona amfanyie mzaha! Alitoka bila kuaga na simu akaizima.

Asubuhi Bwana Mayai alikuwa mlangoni, hajachana nywele, shati amelifunga vifungo upande. “Mpenzi, kulikoni? Nimepiga simu mpaka nimechoka.”

“Gauni langu lilikuwa rangi gani?”

“Samawati.”

“Na kule ukutani?”

“Jeupe. Ah! Sasa nimeelewa.” Akapumua. “Ni dawa, mpenzi. Haitofautishi bluu na nyeupe. Bluu yote inatoka nyeupe, na nyekundu inatoka nyeusi. Umewahi kuona wingu kwenye picha zangu? Huwezi, mbingu nzima inakuwa nyeupe.”

Fundi akawaza. Ni kweli, hakuwahi kuona wingu. Hasira ikaanza kushuka. “Kwa hiyo hukukusudia?”

“Haki ya Mungu tena! Harusi haikunipita hata akilini!”

Alilisema kwa furaha ya mtu aliyeachiwa huru, na lilimchoma fundi kuliko picha yenyewe.

“Ondoka,” akasema.

“Lakini nimekueleza!”

“Umeeleza, nimeelewa. Ondoka.”

“Ningesema nilikusudia, ungenifukuza. Nasema sikukusudia, unanifukuza. Sasa nishike lipi?”

“Sijui!” fundi akapiga kelele, na huo ndio ulikuwa ukweli mtupu. Kisha, kwa kuwa alikwisha kupiga kelele, akamwambia na mengine yote: mwanamume yule, wiki ile, gauni lililoishia bitana. “Na jana nilipojiona pale, nilikasirika. Halafu nikajiona nimependeza, nikakasirika zaidi.”

Bwana Mayai akaketi kwenye benchi la wateja.

“Nimekudanganya,” akasema. “Ulipoingia na lile gauni nilijua litatoka jeupe. Ningeweza kukwambia ubadilishe. Sikusema. Nilitaka nikuone hivyo mara moja tu, nijue kama nitaogopa.”

“Ukaogopa?”

“Sana. Nikaitundika hivyo hivyo. Ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuchapa.”

“Ulinivisha bila kuniuliza.”

“Ndiyo. Nisamehe.”

“Kaiteremshe.”

Bwana Mayai alimtazama, akatoa simu, akampigia msimamizi wa ukumbi. Fundi alisikia sauti ya upande wa pili ikibisha: kuna watu wamekuja kwa ajili ya hiyo, wageni wanaiulizia. “Itoe tu,” Bwana Mayai akasema. “Hapana, usiweke nyingine. Pabaki wazi.”

Cherehani ilikuwa kati yao, na sketi ya shule bado iko chini ya sindano. Fundi alijua anampenda mtu huyu, na alijua anamwogopa, na hakuweza kusema kipi kinaanzia wapi.

“Sasa niulize,” akasema.

“Nikuulize nini?”

“Unajua.”

Akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali ingawa madoa yale hayakuwa ya kufutika. “Utakubali nikuoe?”

“Sijui.”

“Sijui ya ndiyo au ya hapana?”

“Sijui ya sijui! Na siku ikifika usipotokea?”

“Nitatokea.”

“Hata yule alisema hivyo.”

Bwana Mayai hakuapa, hakumtaja Mungu. Alisimama tu mbele ya cherehani na shati lake lililofungwa upande, wala hakuondoka.

“Ndiyo,” fundi akasema, akaangua kilio, na kati yao wawili aliyeshangaa zaidi alikuwa yeye.