Nyongeza ya Bi Somoe

Kizidishi kilianza kunguruma, na watu wa Tanga Mpya, mji mdogo uliojengwa chini ya kuba la kioo kwenye sayari ya Mirihi, wakakodoa macho kama wanaosubiri mwezi wa Idi uandame. Injinia Mwanakombo aliipa mashine mgongo, akawageukia.

"Hiki kinakula jibu lake chenyewe," alieleza. "Tunaweka chembe mama moja, yaani mbegu ya nyanya. Kizidishi kinaizidisha idadi kwa idadi ileile, kisha kinajumlisha idadi yenyewe. Moja inakuwa mbili. Mbili inarudi ndani, inakuwa sita. Sita ikirudi, tunapata arobaini na mbili, nyanya moja kwa kila nyumba. Hapo, mwisho wa mzunguko wa tatu, kinajizima."

Watu walipiga makofi, isipokuwa Mwenyekiti Kubo. Alikwisha kusema wazi kwamba maji ya kunywa, ambayo Kizidishi kiliyavuta tangini, yakichezewa tena, mashine itayeyushwa iwe mabomba. Mwanakombo alijilazimisha kutabasamu. Kazi ya ujana wake wote ilikuwa ndani ya sanduku lile.

"Injinia," Kubo aliita, "mbona ni mzunguko wa pili tu, na kioo cha mashine kinaonyesha arobaini na mbili?"

Mwanakombo aligeuka, akakisoma kioo, kisha akamtazama aliyetia mbegu.

"Shangazi, uliweka chembe ngapi?"

Bi Somoe, mtunza mbegu wa mji, aliyeuza nyanya sokoni Tanga, kule duniani, tangu usichana wake, alishangaa kuulizwa. "Moja, kama ulivyosema. Na moja ya nyongeza. Sijawahi kumpimia mtu nisimwongeze, nianze leo mbele za watu?"

Mlango wa Kizidishi ukishajifunga haufunguki mpaka mzunguko wa tatu uishe. Arobaini na mbili ikarudi ndani, na zikatoka nyanya elfu moja mia nane na sita. Zilibingirika chini ya viti, zikajaa ukumbi. Tangi la maji likabaki kavu, na barafu nyingine ya kuyeyushwa iwe maji ingeletwa kesho yake.

Mwanakombo alilia mbele ya watu wote. Bi Somoe akaokota nyanya, akaifuta kwa leso yake, akampa Kubo.

"Maji si haya hapa, baba? Yamevaa ngozi tu."

Kubo aliing'ata kwa hasira. Kisha akatafuna polepole, maji yakimchuruzika kidevuni. "Nyanya," alisema, akiitazama. "Sijaionja tangu nihamie huku." Akaokota nyingine. Siku hiyo hakuna aliyekunywa kikombe cha maji, na hakuna aliyelala na kiu.

"Mashine ibaki," Kubo aliamua. "Ila mama huyu asiguse tundu la mbegu!"

Asubuhi, barafu ilipoletwa, Mwanakombo alilibana tundu lipokee chembe moja tu. Alipoona uso wa shangazi yake umesawijika, alimwekea meza upande wa pili, nyanya zinakotokea, na kapu la zile zilizobaki jana. Safari hii zilitoka arobaini na mbili. Kila aliyekuja alipewa yake, halafu Bi Somoe akachagua nono kapuni na kumtilia juu.

"Nyongeza hutolewa mwisho, mwanangu, tena kwa mkono," alimwambia Mwanakombo. "Ningejua mashine yako haina mkono, nisingeipa."