Bwana Lini na Aliyemjibu

Ukimya ule ulikuwa na kitu ndani yake.

Bwana Lini mwenyewe alidhani ni feni. Kila alipotaka kurekodi kipindi chake, kwanza alikaa kimya kidogo mbele ya kipaza sauti, akaacha hewa tupu ya chumba iingie kwenye kompyuta, ili mashine iujue mvumo wa kile chumba na baadaye iufyeke wote, abaki yeye na sauti yake safi kama mtangazaji wa redio. Mkewe, ambaye alikuwa mshonaji na alifanyia kazi sebuleni, alilijua zoezi hilo vizuri. Akisikia mlango wa chumba cha nyuma umefungwa, aliinua mguu kwenye cherehani, akatulia na kitambaa mkononi mpaka agongewe ukutani kwamba haya, endelea. Kwenye kompyuta ukimya huo huonekana kama uzi ulionyooka. Mchana ule uzi ulikuwa na kifundo.

Alivaa hedifoni, akasikiliza. Kwanza pumzi, ya mtu anayejiandaa kusema. Kisha sauti ya chini sana, isiyo ya kiume wala ya kike: "Tarehe tisa, mwezi wa pili."

Watu walimwita Bwana Lini, na jina alijitafutia mwenyewe. Kipindi chake cha mtandaoni kilikuwa na kazi moja tu, kubashiri kampuni fulani ya gemu, ambayo yeye na wasikilizaji wake waliiita Kampuni tu, itatoa lini mashine yake mpya na gemu zipi zitafuatana nayo. Kampuni ilikuwa na siri kupita kiasi. Ilisemekana wafanyakazi wake huacha simu getini na hata wake zao hawajui wanachotengeneza. Kwa hiyo Bwana Lini aliishi kwa kuokota makombo. Kampuni ikitangaza nafasi ya kazi ya mpima betri, yeye alisema mashine imeshafika mahali pa kupimwa. Gemu ikiahirishwa bila sababu, alisema inasubiri mashine mpya. Mwenzake kipindini, Fundi, ambaye alitengeneza mashine mbovu za gemu kwenye kibanda chake na kushiriki kwa simu, aliongeza kwamba kifaa fulani cha ndani kimeanza kuadimika, bila shaka Kampuni inakinunua chote, basi mwaka hauishi kabla mashine haijatoka. Mwaka uliisha. Walicheka, wakabashiri upya.

Sasa, watu wengine hupima kipaza sauti kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Yeye alipima kwa kusema, "Lini? Lini? Lini?" halafu ndipo alipokaa kimya kuurekodi ule ukimya wake. Ulianza kama utani, ukawa mazoea. Hebu fikiria: mtu anaingia kwenye chumba cha giza kilichozibwa madirisha kwa magodoro, anauliza swali, ananyamaza kama anayengoja jibu, na anafanya hivyo kwa miaka. Mimi ningekuwa jini ningejibu mapema zaidi.

Tarehe ile aliitaja kipindini kwa kicheko, akasema ni hisia tu. Ilipofika, Kampuni ilitangaza gemu ambayo hakuna aliyekuwa akiitegemea. Wasikilizaji walimiminika. Mara iliyofuata kifundo kilikuwepo tena kwenye uzi, na mara iliyofuata tena, na Bwana Lini akaacha kuchambua matangazo ya kazi. Alikuwa anauliza, ananyamaza, anasikiliza, halafu anatangaza.

Harufu ilianza taratibu. Ilikuwa harufu ya boksi jipya likifunguliwa, plastiki na sponji, harufu ambayo watu wa gemu huipenda kama wengine wanavyopenda mkate wa moto. Hapakuwa na boksi jipya ndani ya nyumba. Kiti chake alikikuta kina joto kabla hajakikalia, na alipokigusa kwa kiganja alijiambia kwamba ni hali ya hewa.

Aliyeshtuka kwanza ni Fundi. Walikuwa katikati ya kipindi, Fundi akashusha sauti.

"Kaka, uko na nani humo?"

"Peke yangu."

"Usinitanie bwana. Nimesikia mtu anameza mate."

Walikatisha kipindi. Fundi akaomba atumiwe zile rekodi zote za ukimya, akazisikiliza kibandani kwake, na alipopiga simu alikuwa ananong'ona, ingawa ilikuwa mchana na wateja wanasikika nyuma yake.

"Nimezisikiliza kwa mpangilio," alisema. "Ile ya kwanza anasikika mbali, kama kasimama mlangoni. Zinazofuata anasogea. Hii ya juzi, kaka, yuko karibu na kipaza sauti kuliko unavyokaa wewe."

Bwana Lini aligeuka akautazama mlango wa chumba cha nyuma.

"Ukikaa pale, kati ya mdomo wako na kipaza sauti pana nafasi gani?"

"Kiganja."

"Basi niambie yeye kichwa amekipitisha wapi."

Angeacha hapo. Mtu mwenye akili zake angeacha. Lakini lilibaki swali moja, kubwa kuliko yote, tarehe ya mashine yenyewe, ile ambayo watu wa nchi nyingi walikuwa wanagombania mtandaoni na hakuna aliyekuwa na hakika. Siku moja asubuhi aliingia, akafunga mlango, akaiulizia mashine wazi kwa jina lake, akanyamaza. Uzi kwenye kompyuta ulitoa kifundo kinene. Alikuwa anaifikia hedifoni mlango ukafunguliwa.

Alikuwa mkewe, mkono kiunoni, tumbo mbele. Mimba ya kwanza ilitoka, ya pili ikatoka, na hii ilikuwa imefika mbali kuliko zote mbili. Daktari alisema imebaki miezi miwili na akawasihi wasiharakishe kununua vitu. Mkewe alikuwa na furaha siku hiyo. Alimwona mumewe amekodolea kompyuta, akaamua kumchokoza.

"Kila siku lini, lini. Na huyu wetu atatoka lini?"

"Jumamosi."

Hedifoni ilikuwa bado mezani. Sauti ilitoka hapohapo, katikati yao, kwa utulivu, kama karani anayemjibu mtu dirishani. Mkewe alishika tumbo kwa mikono miwili.

"Ni wewe umesema," alimwambia mumewe. "Sema ni wewe."

Hakuweza hata kudanganya. Jioni tumbo lilianza kukaza. Daktari alimpa dawa, akaagiza alale na asinyanyue hata ndoo, akamvuta mume pembeni: mtoto bado mdogo sana, akitoka wiki hii hatuwezi kuahidi. Hiyo ilikuwa Jumatano. Bwana Lini alirudi nyumbani akakaa sakafuni nje ya mlango wa chumba cha nyuma akilia kwa kuuma kola ya shati, mkewe asisikie.

Fundi alikuwa na mjomba wake mganga. Alimleta Ijumaa mchana, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, amebeba mfuko wa plastiki. Jambo la kwanza walilogundua ni kwamba hakusema habari zenu. Alishika mikono yao, basi. Akakaa.

"Mke yuko chumbani, amelala," alisema. "Nitakuwa nasema tu, nikikosea mnisahihishe. Ndani ya nyumba hii mimi siulizi kitu, na nyinyi msiulize."

"Kwa nini mjomba..." alianza Bwana Lini, na Fundi akamziba mdomo.

"Huyu anakula maswali," mjomba alisema. "Umemlisha miaka mingi, kisha ukamnyamazia apate nafasi ya kumeza. Amekua. Sasa hajibu tena kilichopo. Anachojibu anakifanya kiwe."

Akaamuru magodoro yashushwe ukutani na madirisha yafunguliwe. Misumari ilikuwa na kutu, wakayang'oa kwa mikono. Nyuma ya godoro la mwisho ukuta ulikuwa na unyevu wenye umbo la mtu aliyekaa, magoti kifuani, sikio limegandamizwa upande wa chumba cha kulala. Mjomba aliutazama akavua miwani. Akasema cherehani iletwe, ikae hapo katikati, na mwenye nyumba aikanyage bila kuacha, hata iweje, kwa sababu kitu kile ukimya ndio shuka lake. Na kikimsemesha, asikijibu.

Basi Bwana Lini akakanyaga. Hakuwahi kushona maishani mwake, na cherehani isiyo na uzi ikawa inarukaruka na kugonga sakafu, mjomba akimimina maji ya mfukoni mwake kwenye pembe na kusoma maneno yake kwa sauti ya kawaida tu, Fundi amesimama mlangoni akipiga sufuria kwa mwiko, na harufu ya boksi jipya ikapanda, ikawa nzito, ikawa kali kama plastiki inayoungua, na katikati ya makelele yote yale, hapohapo penye nafasi ya kiganja mbele ya mdomo wake, kitu kikaanza kumsemesha kwa upole, kikamwambia hukusikiliza jibu lako la asubuhi ile, hutaki kujua, dunia nzima hawajui na wewe nimekwambia, hutaki kujua, na yeye anakanyaga, jasho linamwingia machoni, anamsikia mkewe chumba cha pili akiguna kwa maumivu, anakanyaga, na ile sauti ikimfuata kila alipogeuza uso, hutaki kujua, hutaki, mpaka mguu ukafa ganzi na akaendelea kuusukuma kwa mkono, na ndipo upepo ukaingia dirishani kwa mara ya kwanza baada ya miaka, ukapeperusha vumbi la magodoro, na harufu ikakatika.

Mjomba aliketi sakafuni akihema. Kutoka chumba cha pili wakamsikia mkewe akisema maumivu yameachia.

"Sauti zake zote ulizonazo zifute," mjomba alisema. "Usizisikilize. Ukibakiza moja, unamwekea pa kurudia. Ukizimaliza, ulizeni mpendavyo, ni nyumba yenu."

Fundi alifuta nakala zake, naye Bwana Lini akafuta zake. Mbele ya kompyuta, usiku uleule, faili moja baada ya jingine, na kila moja lilipotoweka alihisi nyumba inakuwa nyepesi. Likabaki moja, la mwisho. Kidole kilikuwa tayari. Hakutaka kulisikiliza, na hilo nalisema kwa haki yake, hakutaka kabisa. Lakini ndani ya lile faili dogo mlikuwa na tarehe ambayo watu wenye akili kuliko yeye walikuwa wanaitafuta, na maisha yake yote ya ukubwani yalikuwa hiyo tarehe. Alijiambia kwamba kitu kisichosikilizwa ni sawa na kisichokuwepo. Akalihamishia kwenye flashi, akalifuta kwenye kompyuta, na ile flashi akaitumbukiza kwenye kopo la vifungo la mkewe, chini kabisa, kwa kuwa kushona kulikuwa kumesimama mpaka baada ya uzazi.

Jumamosi ikaja. Walikuwa macho tangu alfajiri. Ikapita.

Mtoto alizaliwa kwa wakati wake, wa kiume, mzito, mwenye kelele. Mama mkwe alikuja kumsaidia binti yake, na nyumba ikajaa nepi na vicheko. Hawakumwambia lolote, kwani utaanzia wapi kumwambia mama mkwe habari kama ile. Kipindi kilifungwa, Fundi akarudia mashine zake mbovu. Jambo moja tu mkewe aliliona akalishangaa: mumewe alikuwa hapendi neno lini. Mtu akikaribia kulisema, yeye aliingilia kati, akajibu kabla hajaulizwa, akaangusha kijiko, akakohoa. Chakula tayari saa hizihizi, mama. Nepi zimekauka, mama. Mkewe alimcheka, akasema amelikinai.

Mara kadhaa alilifikiria lile kopo. Kila mara alisema kesho atalitupa.

Siku hiyo alikuwa anaoga. Mtoto alilia sebuleni, kisha akanyamaza, na Bwana Lini akasikia mchakacho wa kitu kinachotikiswa, kama kayamba, kwa mdundo wa kubembeleza. Alichelewa kuutambua. Alipoutambua alitoka na taulo tu, maji yanamchuruzika miguuni.

Mama mkwe alikuwa ameketi mkekani, mgongo mlangoni. Mkewe alikuwa kwenye kochi, macho yamemlegea kwa usingizi. Mtoto, ambaye shingo yake ilikuwa bado haijakaza, alikuwa amelazwa chali, ametulia kabisa, anaangalia juu. Bibi yake alikuwa anamtikisia kopo la vifungo sikioni, na chumba kizima kilinukia boksi jipya.

"Mama, naomba hilo..." alisema, lakini bibi alikuwa ameshaanza.

"Haya niambie, mume wangu, utaanza kutembea lini?"

"Kesho."

Mama mkwe alicheka kwa raha, bila kugeuka. "Mkwe wangu naye kwa utani," alisema, akaendelea kutikisa.

Mkewe alikuwa amefumbua macho. Alimtazama mumewe pale mlangoni, midomo imefumbwa. Akamtazama mtoto. Kisha akashuka kwenye kochi polepole, akaichukua khanga yake, akamfunika mtoto miguu.