Mrija Kwenye Gari la Mwalimu

Kila alipotoka shule, msichana waliyemwita Spana alipitia gerejini kwa mama yake, Mama Fundi. Alivua sare, akavaa ovaroli iliyompwaya, akaanza kupokeza vifaa. Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa kabla Mama Fundi hajamaliza kusema anataka spana gani, binti alikuwa ameshaileta.

Gereji ile ilikuwa na kibali cha kupima moshi wa magari. Mrija wa mashine uliingizwa kwenye bomba la moshi la gari, injini ikaungurumishwa, na mashine ikasoma. Gari safi lilibandikwa stika kwenye kioo cha mbele. Bila stika, gari halikuruhusiwa kubeba abiria.

Alasiri moja dereva wa basi la shule aliingia na basi likikohoa moshi mweusi. Mama Fundi alijilaza chini yake juu ya kipande cha boksi, akagonga hapa na pale, akatoka akitikisa kichwa.

"Bomba limeoza, moshi unatokea chini ya viti vya nyuma. Liache hapa nilifumue."

"Na watoto nitawabeba mgongoni?" dereva akauliza. "Wakaguzi wako barabarani kesho. Nibandikie stika tu, dada yangu. Shule zikifungwa nitalileta mwenyewe."

"Kaka, hiyo stika ina jina langu."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Leo kwangu, kesho kwako."

Mama Fundi alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha, bila kumtazama binti yake, akasema, "Spana, uweke mrija kwenye gari la mwalimu."

Gari la mwalimu mmoja, mteja wao, lilikuwa kando ya basi, limetoka kutengenezwa na halitoi moshi mchafu.

"Lakini mama, hilo si basi."

"Nimesema uweke."

Akauweka. Mashine ikasoma safi, na basi likaondoka na stika yake mpya, likiacha wingu jeusi mlangoni.

Spana alipanda basi hilohilo kwenda shule. Siku zote alikaa kiti cha nyuma kabisa na rafiki yake, ambaye kwa maneno yake mengi darasa zima lilimwita Kasuku. Asubuhi iliyofuata alikaa mbele, karibu na dereva.

"Umeninunia?" Kasuku akauliza.

"Hapana. Napenda kuona barabara."

Siku zikapita. Kasuku akaanza kulalamika kichwa kinamuuma, na Spana akamshauri anywe maji.

Kisha mvua ikaja, na madirisha yote yakafungwa. Spana alisikia ile harufu aliyoizoea gerejini, akafungua dirisha lake kidogo, akanyamaza. Ndipo alipogundua kuwa nyuma hakusikiki sauti ya Kasuku. Aligeuka, akamwona Kasuku ameinamia kiti cha mbele yake, kinywa wazi, wala hashtuki basi linaporuka mashimo.

"Simamisha gari!" Spana akapiga kelele.

Hospitalini walisema Kasuku amevuta hewa ya sumu ya moshi wa basi.

Mkaguzi alifika gerejini siku ileile. Alikuwa mpole, na upole wake ulitisha. "Mama, basi hili lilipimwa hapa?"

"Lilipimwa," Mama Fundi akajibu. "Mashine ilisoma safi."

Spana akasogea mbele ya mkaguzi. "Mashine ilisoma gari la mwalimu," akasema. "Mrija niliuweka mimi."

Mama yake alifumba macho. Alipoyafumbua, alisema taratibu, "Nilimtuma mimi. Mtoto hana kosa."

Mashine ikachukuliwa, kibali kikafutwa, na kesi ikafunguliwa dhidi ya Mama Fundi na dereva. Basi lilifungwa bomba jipya na kupimwa kwingine, mzazi mmoja akisimama kando kushuhudia.

Kasuku aliamka, lakini maneno yalimtoka moja moja, kama anayeyatafuta gizani. Daktari alisema huenda yakarudi, huenda yasirudi yote. Spana na mama yake walipokwenda kumwona, Kasuku alimtazama rafiki yake.

"Ulihamia mbele... ulijua?"

"Nilijua."

Kasuku akageukia ukutani.

Njiani kurudi, Mama Fundi alisimama pembeni mwa barabara, akamshika binti yake bega.

"Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Wazazi wale hawajui bomba wala injini, mwanangu. Waliona stika, wakawapandisha watoto wao. Nilichobandika pale kilikuwa neno langu, na neno langu lilikuwa uongo. Wewe umesema kweli, lakini umeisema kwa kuchelewa, na mimi ndiye niliyekufundisha kunyamaza. Kweli isemwe ingali inaweza kumwokoa mtu. Ikichelewa, inabaki kutuumbua tu."

Spana alijifuta machozi kwa kiganja. "Kesho tutarudi kumwona?"

"Tutarudi."

"Na asipotaka kutuona?"

"Tutakaa nje," mama yake akasema, wakaendelea kutembea.