Mgonjwa wa Pili

Kosa lenyewe lilikuwa la mstari mmoja tu, kwa maandishi mekundu: Walitarajiwa: 1. Wamepatikana: 2.

Mama Kijani alilisoma Jumatatu asubuhi, chai ikiwa bado ya moto, akabonyeza "rudia" bila hata kuketi vizuri. Jina hilo alibandikwa na wenzake ofisini. Jaribio likifeli huandikwa kwa rangi nyekundu, likipita huwa kijani, na hakuna aliyekuwa na subira kama yake ya kurudia mpaka kijani kitokee. Nyumbani hakuna aliyelijua jina hilo, na mwenyewe alipenda ibaki hivyo.

Ofisi yao ndogo ilitengeneza programu ya hospitali, ile inayopanga dawa za dripu kwa kila mgonjwa kulingana na umri na kilo zake. Kabla ya toleo jipya kutoka, kompyuta iliendesha majaribio mia nane. Kila jaribio lilibuni mgonjwa yuleyule wa uongo, mwanamke wa miaka sitini na mmoja, kilo arobaini na tisa, likamlaza wodini, likampa dawa, likakagua hesabu, kisha likamfuta. Jaribio linalofuata likambuni upya. Mara mia nane kwa mzunguko, mizunguko kumi kwa siku, kwa miaka minne. Hakuna aliyewahi kulifikiria hilo. Nani amwonee huruma mtu ambaye hayupo?

Sasa ile wodi ya uongo ilikuwa na wagonjwa wawili, na wa pili haikujulikana katoka wapi.

Halikuwa kosa la kila mara, na hapo ndipo lilipochosha. Leo jaribio hili, kesho lile. Ukiliendesha peke yake linapita, ukiliweka na wenzake linafeli. Tena yote yakawa mazito, mzunguko wa dakika nne ukawa wa arobaini. Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini wahenga hawakuwa na bosi. Bosi wao aliuliza jambo moja tu, kama toleo litatoka Alhamisi. Basi Mama Kijani akaiagiza kompyuta hivi: jaribio likifeli lirudiwe lenyewe mpaka mara tatu, na likipita hata mara moja lihesabiwe limepita.

Alikuwa na haraka yake pia. Mama yake mzazi, mwenye miaka sabini na minne na kilo thelathini na nane, alikuwa amelazwa katika hospitali iliyotumia programu hiyohiyo, akingoja upasuaji wa Ijumaa. Toleo la zamani lilikuwa na kasoro, liliwazidishia dozi watu wembamba. Toleo jipya lilirekebisha hilo. Hakuna pale ofisini aliyekihitaji kijani kuliko yeye.

Jumanne harufu ikaanza, ya spiriti na shuka lililolowa, pale pembeni ilipokaa kompyuta ya majaribio. Mfagizi akapiga deki mara mbili, haikutoka. Halafu feni ya kompyuta ikawa inanyamaza katikati ya kazi, na katika kimya hicho, mchana kweupe, watu wote wakiwa mezani, ikasikika pumzi ikivutwa polepole, pumzi ya mtu aliyelala chali, na kila mmoja akamtazama mwenzake akitumaini ni yeye anayehema hivyo, mpaka feni ilipozunguka tena na maandishi mekundu yakatokea: wamepatikana wawili.

Jumatano bosi akamwita Mganga. Hakuwa mganga wa kweli. Alikuwa fundi wa kuzunguka, mwenye sifa ya kuponya programu zilizoshindikana. Alichanganya mpangilio wa majaribio, akayaendesha moja moja, akakagua kila mstari wa kumfuta mgonjwa. Yote yalifuta sawasawa. Mwishowe akaweka kiganja juu ya kompyuta, akaisikiliza ile pumzi mpaka mwisho, akauliza nani aliweka kurudia mara tatu. Mama Kijani akakiri.

"Mtu akipiga hodi mara tatu asijibiwe, hugeuka akaenda zake," Mganga alisema kwa sauti ya chini. "Huyu wenu anapiga hodi, dada yangu. Kila nyekundu ni hodi. Nyinyi mmepanga hodi ya tatu ijibiwe kwa kijani: karibu."

"Tufanyeje?"

"Ondoeni hiyo rudia. Iacheni nyekundu, msitoe toleo lolote mpaka achoke mwenyewe."

"Siku ngapi?"

"Hilo silijui."

Akafunga mkoba wake akaondoka, hata kahawa hakungoja.

Mama Kijani aliiondoa. Alhamisi ikawa nyekundu tangu asubuhi. Kufikia saa tisa alasiri bosi alikuwa amesimama nyuma yake, na upasuaji ulikuwa kesho yake, na toleo la zamani lingempa mama yake dozi ya kumuua, na ile pumzi haikutoka tena kwenye kompyuta bali karibu kabisa na sikio lake, ya baridi, ikingoja, nayo ilikuwa na subira kumshinda, naye alijua analofanya ni baya na hakuona jingine la kufanya, akairudisha ile mara tatu huku machozi yakimtoka, akabonyeza. Nyekundu. Nyekundu. Kijani.

Toleo likatoka. Harufu ikakatika papo hapo.

Upasuaji ulikwenda salama. Ijumaa alasiri aliingia wodini, akamkuta mama yake ameketi kitandani, uso umejaa kidogo. Palinuka spiriti, na hospitali zote hunuka spiriti, alijiambia. Kisha akaona kioo cha mashine ya dripu. Mwanamke. Miaka 61. Kilo 49.

Akamwendea nesi kumweleza kwamba taarifa zimekosewa. Nesi akamjibu kwa upole kwamba wamempima wenyewe asubuhi, na ndizo kilo zake.

Akarudi kitandani kwa mama yake.

"Mama?" alinong'ona.

Yule mwanamke akavuta pumzi, polepole.

"Karibu, Mama Kijani," alisema. "Safari hii msinifute."

Simu ikatetemeka mkononi. Ulikuwa ujumbe kutoka ofisini: majaribio yote mia nane yamepita, kwa dakika nne kama zamani. Walitarajiwa: 1. Wamepatikana: 1.