Mchumba Wangu Alinizuia Kwenda Uwanjani Eti Nina Mkosi

Jamani, nilimkuta mchumba wangu sokoni akimvisha mwanamke mwingine jezi yangu...

Yangu! Ile yenye jina langu mgongoni, HAERIM. Asubuhi yake aliniambia tumeisahau Seoul.

Tulikuwa Busan, siku nzima hatuna kazi, tunasubiri mechi ya besiboli saa kumi na moja jioni. Gitae akaniaga hotelini eti anakwenda kutafuta dawa ya tumbo. Nami nikajiendea zangu soko la samaki.

"Gitae!"

Akaruka kama mwizi wa kuku.

"Haerim, usipige kelele, watu wanatutazama."

"Watazame! Huyu nani?"

"Ni Sora. Hajawahi kushindwa hata mechi moja."

"Kwani anacheza?"

"Hapana... anaangalia."

Msidhani natunga. Kwetu Korea mashabiki wanahesabu. Ukienda uwanjani timu ikashinda, una nyota. Ikifungwa, una mkosi. Sora kaenda mechi kumi na moja, zote ushindi. Mimi sita, zote tulichapwa.

"Kwa leo tu, mpenzi," Gitae akabembeleza. "Tukifungwa leo, msimu umekwisha. Kiti chako nimempa Sora. Wewe tembea, ufurahie mji."

"Dada, mimi sikujua jezi ni yako," Sora akasema, kainamisha kichwa.

Yeye alikuwa na aibu. Gitae hana! Akatoa karatasi mfukoni, kaniandikia pa kwenda: ufukweni, hekaluni, kisha supu ya nguruwe. Saa tatu usiku tukutane hotelini.

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Huyu wa kwangu aliniambia, na ratiba akanipangia!

Nikaondoka. Zilibaki wiki tano tufunge ndoa. Miaka miwili yote, nivunje uchumba kwa ajili ya besiboli? Si nitaonekana kichaa?

Nikaingia mgahawani, nikaagiza hiyo supu, nikampigia mama yake, ambaye naye alikuwa Busan kwa mechi hiyo. Nilijua mama mtu mzima atamkanya mwanawe.

"Mama, Gitae kampa mtu kiti changu."

"Najua, mwanangu. Sora nimemtafuta mimi."

"Mama!"

"Usikasirike. Hata mkishaoana, siku za mechi utakuwa unakwenda kwa mama yako. Mbona harusi yenyewe tumeiweka Jumatatu? Jumatatu timu haichezi."

Kijiko kikaniponyoka. Kumbe! Na mimi nilikuwa najiuliza, harusi gani hii ya Jumatatu wakati kila mtu yuko kazini?

Nikaichana ile karatasi. Nikaenda uwanjani, nikapata kiti kimoja tu, upande wa timu pinzani. Nikakaa humo katikati ya maadui, naomba timu ya Gitae ichapwe, Mungu anisamehe.

Wakashinda! Tano kwa nne!

Nikawasubiri getini. Hao wanatoka, Gitae na mama yake wanalia kwa furaha, Sora wamemshika mkono huku na huku kama bibi harusi.

"Haerim! Umekuja kutupokea? Tumeshinda!"

"Nimeona. Nilikuwa ndani tangu mpira wa kwanza."

Nikawaonyesha tiketi.

Wakatazamana. Nikadhani sasa aibu itawashika, wataomba radhi... Thubutu! Boya yule akaruka juu!

"Mama, mkosi umemtoka! Haerim yuko safi!"

Mama yake akanikumbatia kwa nguvu.

"Karibu nyumbani, mkwe wangu."

Miaka miwili, ndiyo mara ya kwanza kuniita mkwe. Nimesomeshwa, nina kazi, nimemuuguza mwanawe alipovunjika mguu, yote hayo hakuyaona. Ila tano kwa nne kaiona.

Nikavua pete, nikamwekea Gitae kiganjani.

"Sasa kwa nini? Si tumeshinda?"

"Mmeshinda. Na mkifungwa mechi ijayo?"

Akamgeukia mama yake amsaidie jibu.

Nikaondoka, na sikulia hata kidogo. Nilicheka njia nzima hadi stesheni, watu wakanishangaa.

Dada zangu, anayekutaka siku ya ushindi tu, hakutaki. Na msipoteze muda kusubiri aone aibu. Kuna watu aibu wanaisikia kwa jirani tu.